Mjomba na Mpwa: Njia Mbili za Kujenga Dola

Ndugu na jamaa waliopita nyumbani kwetu hapa Bloomington mwaka huu wameona jambo lililowashangaza, na wengine wamelisafirisha hadi Toronto na Mombasa: ya kwamba mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, hukaa mbele ya kompyuta hadi saa sita za usiku nikijenga miji isiyokuwapo duniani. Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka ameniomba nieleze. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, habari iliyonirudia kwa simu si ile iliyotoka nyumbani kwangu. Pili, mchezo huo umetutia mimi na binti ya dada yangu katika mabishano ambayo naona yanawahusu wengi wanaosoma kurasa hizi.

Mchezo wenyewe huitwa Civilization. Waliouunda ni Sid Meier na Bruce Shelley, ukatolewa mwaka 1991 na kampuni ya MicroProse ya Maryland. Tunaoucheza sisi ni wa sita katika mfululizo huo, uliotoka Oktoba 2016. Kila mchezaji hupewa taifa na kiongozi wake, na huanza mwaka 4000 kabla ya Kristo akiwa na kundi moja la walowezi na askari mmoja mwenye rungu. Hapo ndipo unajenga mji, unalima, unatuma walowezi wengine, unajifunza kuandika, unaunda majahazi, na ukijaliwa, mwisho unarusha chombo kwenda angani. Unaweza kushinda kwa vita, kwa dini, kwa elimu, kwa utamaduni au kwa kupata kura za mataifa. Jambo la kushika ni kwamba hakuna kukimbizana. Unacheza zamu yako, unamaliza, kisha wengine wanacheza zao.

Kwa sisi tuliokulia pembeni mwa bao hilo si geni hata kidogo. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na tangu mwanzo wa kunamua mtu huwa na hazina moja ya kuilinda, yaani nyumba yake. Hesabu ikimwishia hapo wakati anakula, ana hiari: aiache nyumba ilivyo, au aivunje asafiri nayo. Wazee wa Mji wa Kale walikuwa na uwezo wa kubishana usiku mzima juu ya safari moja iliyochezwa alasiri. Basi mimi nilipostaafu kazi ya usiku pale uwanja wa ndege, baridi ikanifungia ndani na bao sikuwa na wa kucheza naye, ni binti huyu aliyeniwekea mchezo wake kwenye kompyuta akasema, "Mjomba, na huu ni wa zamu kwa zamu. Jaribu."

Nitaje kidogo, kwa faida ya walio mbali, kwamba mji wetu na majirani zake si wageni wa mambo haya. Makao makuu ya Control Data, waliounda kompyuta zilizosifika dunia nzima, yalikuwa hapa hapa Bloomington. Mwaka 1971 vijana watatu waliokuwa wakisomea ualimu waliunda The Oregon Trail, mchezo wa kuvuka bara kwa mkokoteni, wakauonyesha kwanza kwa wanafunzi wa Minneapolis. Na kampuni ya Fantasy Flight, iliyotoa Civilization ya kuchezwa mezani mwaka 2010, iko Roseville, upande wa Saint Paul. Kwa hiyo anayesema mzee ameharibiwa na kompyuta ya watoto ajue kwamba nimeharibiwa na bidhaa ya mkoa wangu.

Sasa nije kwenye mabishano.

Mwanzoni hatukucheza mimi dhidi yake. Tuliipa kompyuta namba ileile ya ramani, bahari ileile na wapinzani walewale, kila mtu akacheza kwake, na jioni ya Jumamosi baada ya Magharibi tukalinganisha. Nilifungua daftari la mistari. Kila baada ya zamu 50 tuliandika: miji mingapi, dhahabu kiasi gani, elimu kiasi gani, nani rafiki na nani adui. Ukicheza peke yako kila unalofanya unaliona la busara. Ukiwekewa karatasi ya mwenzio pembeni ndipo unaanza kuuliza maswali.

Mimi nilichagua Foinike, taifa la Dido. Waswahili hatumo katika mchezo huu kama taifa, nami nilitafuta watu waliokaribia kufanana nasi, nikawapata hao: watu wa pwani, wafanyabiashara, wenye miji midogo iliyopangana ufukweni kama shanga. Walowezi wao wakiwa baharini huenda mbio kuliko wa wengine. Tena wamepewa tunu moja: mji wowote wa pwani walioujenga katika bara lao la nyumbani hauasi kamwe. Basi nilijenga kama walivyojenga wazee wetu toka Barawa kushuka hadi Kilwa. Kufika zamu ya 100 nilikuwa na miji minane na kufika ya 150 nilikuwa na 11, yote ikinusa chumvi, hakuna uliokuwa mbali na mwenzake.

Mpwa wangu alichagua Ureno.

Wasomaji wa Mombasa wataelewa kwamba nilinyamaza kidogo. Alinieleza kwa utulivu kwamba Ureno ya mfalme João III, iliyoongezwa katika mchezo Machi 2021, ni hodari wa biashara ya baharini kupita wote: misafara yake ya nje huleta nusu zaidi ya kawaida, ingawa ni lazima iende kwenye miji ya pwani au yenye bandari. Tena jahazi lake la nau linaweza kujenga feitoria, yaani kituo cha biashara, katika ardhi ya mtu mwingine. Yeye alijenga miji mitano tu. Iliyobaki aliichuma kwa wenyeji. Zamu ya 150 mimi nilikuwa nikipata dhahabu 94 kila zamu, yeye 231.

"Mjomba," aliniambia, "wewe unahangaika kuzaa miji. Mimi naikuta imeshazaliwa."

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Maana katika ramani ile palikuwa na miji inayojitawala, isiyo na taifa, ambayo mchezaji huitumia wajumbe. Mwenye wajumbe watatu au zaidi, na kuwazidi wengine wote, huwa mlezi wa mji huo na hupata tunu yake. Na mmojawapo ulikuwa Zanzibar. Tunu ya Zanzibar katika mchezo huu ni karafuu na mdalasini, ambazo hupatikani kwingine kokote, na kila moja huleta starehe sita wakati bidhaa nyingine za anasa huleta kidogo tu. Kila mchezaji mwenye akili huitafuta Zanzibar. Binti ya dada yangu, ambaye babu yake mzaa baba alikuwa na shamba la mikarafuu Pemba, alikuwa amepachika feitoria ya Kireno ufukweni mwake.

Tulizungumza hadi chai ikapoa. Kwanza nilimweleza kwamba karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, na kwamba ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Tena dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ndipo Pemba ikashika usukani. Hivyo tunu hiyo si ya ardhi, ni ya jasho la waliopanda, na wengi wao walikuwa watumwa. Katika mchezo unatuma wajumbe watatu na karafuu inakuja yenyewe.

Pili, mchezo humfungulia João milango ya miji yote huru bila kuomba ruhusa. Nikamwambia, aliyeunda hili amesoma historia vizuri, ila ameisoma akiwa ndani ya jahazi. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498 na Almeida mwaka 1505, miji yetu haikuwa nukta za kuchuma. Kila mmoja ulikuwa na mbinu zake. Kilwa ililazimishwa kulipa kodi mwaka 1502, na 1505 ikatekwa hata hivyo. Mombasa ilikataa, ikachomwa mwaka ule ule, ikajengwa upya, ikachomwa tena na Nuno da Cunha, ikajengwa tena. Malindi, iliyokuwa na ugomvi wa siku nyingi na Mombasa, ilimkaribisha Mreno ili ipate nguvu ya kumkabili jirani. Ilipojengwa Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, mtawala wa Malindi alihamishiwa Mombasa akatawala pale. Je, Malindi ilishinda? Ilipata Mombasa ikapoteza Malindi, maana mji wenyewe ulififia. Mpwa wangu alisema hiyo ni mbinu ya kuvunja nyumba mapema mno. Nilifurahi kusikia ameyashika maneno ya bao.

Lakini hakukubali kwamba njia yake ni mbovu, na kwa haki ya Mungu karatasi zilikuwa upande wake. Alimaliza kwa kura za mataifa katika zamu ya 287. Mimi nilirusha chombo changu kikafika zamu ya 312. Zamu 25 si kitu kidogo.

Hoja yangu, ambayo hadi leo sijaiacha, ni kwamba mchezo unampendelea João kwa kutomhesabia gharama. Wareno wa kweli walikuwa wachache na vituo vyao vilikuwa vingi. Kilwa waliijengea ngome mwaka 1505 wakaiacha 1512. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, waliyemlea Goa na kumbatiza Dom Jerónimo, aliichukua Ngome ya Yesu mikononi mwao. Na baada ya kuzingirwa tangu 1696, mwaka 1698 ngome ikaangukia Waomani. Katika michezo yetu yote sijaona mji uliosema, "Feitoria hii sasa basi." Hata hivyo waundaji wamefanya kitu kimoja kilichonichekesha. Lisbon ilikuwamo kama mmoja wa miji huru. Ureno ilipoingia, Lisbon ikatolewa, na nafasi yake ikapewa Mogadishu, pamoja na tunu yake ya kulinda misafara ya baharini isiporwe. Mogadishu, ambayo Wareno waliipiga mizinga bila kuitawala, imerithi ulinzi wa mali kutoka Lisbon! Na ndugu zetu wa Kampala wasinune: katika toleo la saba, la mwaka 2025, Buganda ni taifa kamili.

Sasa nifike pale palipoumiza.

Katika mchezo wake wa Ureno alijaribu mara moja kupanda mji wa sita, mbali, ng'ambo ya bahari, karibu na lulu. Tangu mwaka 2018 mchezo huu una kanuni ya uaminifu. Kila raia anayeishi jirani huuvuta mji upande wa taifa lake. Aliye karibu huvuta sana, aliye mbali huvuta kidogo, na akizidi hatua tisa havuti kabisa. Mji ule ulizungukwa na miji mikubwa ya watu wengine. Haukupigwa hata mshale mmoja. Baada ya zamu chache ulijitangaza huru, na haukuchukua muda ukajiunga na jirani. Nikaandika katika daftari na kupiga mstari chini yake.

Siku hizo alikuwa na barua ya kazi kutoka Seattle mfukoni. Dada yangu alikuwa ameniambia jikoni, "Wewe anakusikiliza. Msemeshe kwa huo huo mchezo wenu." Nami sikuona aibu kuutumia. Nilimwonyesha mstari ule.

"Mwanangu," nikasema, "mji wako ulikuwa na kila kitu. Chakula, lulu, bandari. Ulikosa jirani wa kwao tu."

Kila mmoja wetu anazijua nyumba, nami sitazitaja, zilizotoka hapa kwenda mbali peke yao, na leo bibi akipiga simu watoto humjibu kwa Kiingereza au humpa simu mama. Tulipofika sisi tulikaa jengo moja, ngazi moja. Mtoto akitumwa chumvi mlango wa tatu alikwenda na kurudi kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo hoja yangu ya Foinike, na niliitoa yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama alivyolelewa. Kisha akasema, "Mjomba, mji ule haukuasi kwa sababu ya umbali. Uliasi kwa sababu sikuuwekea liwali." Ni kweli kwamba mchezo huruhusu kupeleka liwali katika mji, na akishakaa, uaminifu hupanda kwa pointi nane kila zamu. Nikamuuliza, "Na liwali akiasi mwenyewe?" Nikamkumbusha akina Mazrui, waliowekwa Mombasa na Oman, na Busaidi waliposhika nchi katika miaka ya 1740 wakakataa kuwatambua, wakajitawalia hadi mwaka 1837.

"Basi ni miaka karibu mia mjomba," akasema, "na Mombasa haikusahau Kiswahili."

Kisha akanigeuzia swali. Akaniuliza niwahesabu watoto wa hapa hapa Bloomington, waliozaliwa kati yetu, waliohudhuria kila arusi na kila Idi, ambao hawawezi kumwamkia mzee na kuendelea na sentensi ya pili. Sikuhitaji kuhesabu kwa vidole. Yeye mwenyewe, alisema, hakujifunza lugha kwa kukaa karibu na watu. Bibi yake alimweka kila siku baada ya shule, akamsukia nywele, na hakumwachia mpaka amemaliza hadithi ya siku ile. "Bibi ndiye aliyekuwa liwali," alisema. "Ujirani peke yake haukunivuta."

Nilimpelekea dada yangu majibu hayo jikoni kama nilivyoyapokea. Hakuyapenda. Alisema mimi nilitumwa kuleta samaki nikarudi na habari za bahari. Msomaji ataamua mwenyewe kati yetu. Mimi bado nasema ujirani una uzito wake, na nyumba zetu zilizobaki katika mtaa huu zisipungue tena. Ila liwali wa bibi hana jibu katika daftari langu.

Aliondoka Agosti. Mlango wa kutokea Bloomington kwenda popote, kama mnavyojua, ni uwanja wa ndege tu, na kutoka kwetu ni mwendo wa kumaliza mazungumzo yasiyo muhimu. Hatukusema lolote la mchezo njiani.

Wiki ya pili akanipigia simu. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umeshakula?"

"Nimekula. Fungua kompyuta."

Tangu mwaka 2019 mchezo huu una namna ya kuachiana zamu kwa mbali. Mtu hucheza yake, kisha mwenzake hupata habari kwamba ni zamu yake, hata ikiwa kesho. Safari hii tunacheza ana kwa ana, na mimi ndiye niliyeomba tubadilishane. Nilitaka kumjua João kutoka ndani. Yeye amechukua Dido. Hucheza usiku akitoka kazini, mimi hucheza baada ya Alfajiri, chai ikiwa mkononi na theluji ya Bloomington dirishani. Pamoja na zamu huandika maneno mawili matatu kwa Kiswahili, nami hurudisha, na kwa njia hiyo tumeandikiana mwaka huu kuliko miaka yote aliyokaa mwendo wa dakika tano kutoka kwangu.

Ramani imetupa tena Zanzibar. Ana wajumbe saba pale, mimi nina sita. Nau yangu imeufikia ufukwe wake na milango iko wazi, lakini feitoria sijaijenga. Nimeizungusha kisiwa zamu tatu sasa, na ananiuliza kila siku ninangoja nini.

Dido ana kipawa kimoja nilichosahau kukitaja hapo juu. Akijenga bandari yake maalumu katika mji, anaweza kuuhamishia hapo makao makuu ya dola nzima, jambo ambalo wengine hawaruhusiwi. Seyyid Said aliyafanya hayo kweli, alipoyaacha Maskati na kuja kukaa Unguja. Alipokufa mwaka 1856 wanawe wakagawana, Thuwaini kule na Majid huku, na uamuzi wa Waingereza wa mwaka 1861 ukaitaka Zanzibar ilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Nilimwandikia haya yote kama onyo.

Leo alfajiri nimefungua kompyuta nikakuta ameuhamisha. Mji mpya uko upande wa magharibi kabisa wa ramani, na tayari ameuwekea liwali. Chini yake ameandika, "Zamu yako, mjomba."